Fuata kodi: jinsi istilahi za mwanzo wa Marekani zinavyoshikana

Mwaka 1764 Bunge la Uingereza lilipunguza ushuru wa molasi iliyoingizwa katika makoloni yake ya Amerika ya Kaskazini. Ushuru uliokuwa peni 6 kwa galoni ukashushwa hadi peni 3. Wafanyabiashara wa Boston na Newport, waliotegemea molasi hiyo kutengenezea ramu, walitarajiwa kufurahi. Walikuja juu.

Ule ushuru wa peni 6 ulikuwa umewekwa mwaka 1733 ili kuwazuia wasinunue molasi ya visiwa vya Wafaransa. Shabaha yake ilikuwa kuelekeza biashara, na waliolipa walikuwa wachache, maana magendo yalishamiri na maofisa wa forodha walifumba macho. Ule wa peni 3 ulikuja na sura nyingine. Utangulizi wa sheria ulisema wazi kwamba unakusanya mapato ya kugharimia ulinzi wa makoloni, kwa sababu Uingereza ilitoka kwenye Vita vya Miaka Saba mwaka 1763 ikiwa na deni kubwa. Tena safari hii ulikusudiwa kulipwa kwelikweli: aliyekamatwa na magendo angeweza kupelekwa kwenye mahakama ya bahari, ambako hakimu huamua peke yake bila jopo la raia. Kwa hiyo ushuru ulipungua, lakini mamlaka yaliyodaiwa na London yaliongezeka. Kwa watu wa makoloni, hilo la pili ndilo lililokuwa na uzito.

Nimeanza na molasi kwa makusudi. Wanafunzi wa historia, na pia Waswahili wengi walioko Marekani wanaojiandaa kwa mtihani wa uraia, hupewa orodha ya maneno ya kukariri: koloni, uwakilishi, azimio, shirikisho, katiba, seneti, marekebisho, mgawanyo wa madaraka. Maneno yanakuja kama shanga zilizomwagika, bila uzi. Ninaamini kabisa kwamba uzi upo, na ni kodi. Nani ana haki ya kutoza? Kwa idhini ya nani? Na watu wakikataa kulipa, nani atawalazimisha? Ukishika maswali hayo matatu, istilahi nyingi zinajipanga zenyewe.

Hati ya mfalme na baraza la koloni

Makoloni 13 hayakuanzishwa kwa mpango mmoja. Mengi yalizaliwa kwa hati ya mfalme, yaani karatasi ya kisheria inayompa mtu, kampuni au kundi la watu ruhusa ya kukaa na kutawala eneo fulani. Virginia ilianza kama biashara ya wenye hisa, waliotia nanga Jamestown mwaka 1607. Pennsylvania alipewa mtu mmoja, William Penn, mwaka 1681. Nyingine zilikuwa chini ya mfalme mwenyewe, kama ilivyokuja kuwa Virginia mwaka 1624 kampuni ilipoporomoka.

Cha kuzingatia ni mabaraza. Julai 1619 wajumbe waliochaguliwa na walowezi wa Virginia walikutana katika kanisa la Jamestown, na miongoni mwa mambo waliyopitisha ni kodi ya ratili moja ya tumbaku kwa kila mwanamume, ili kuwalipa spika na karani wao. Hilo ndilo baraza la kwanza la kuchaguliwa katika makoloni ya Waingereza huko Amerika, na tangu siku zake za kwanza lilitoza kodi. Mwezi uliofuata, katika koloni hilohilo, meli ilishusha Waafrika zaidi ya 20 waliotekwa Angola. Uwakilishi na utumwa viliingia Virginia katika msimu mmoja wa kiangazi, na tutaona jinsi hesabu zao zilivyokuja kufungwa pamoja ndani ya Katiba.

Baadaye kila koloni likawa na baraza lake, na katika mengi mshahara wa gavana ulitegemea kura ya baraza hilo. Gavana aliteuliwa na mfalme, ila mfuko ulishikwa na wenyeji. Kwa zaidi ya karne moja watu walizoea kwamba kodi ya ndani hupitishwa na jirani yao waliyemchagua, na hawakuliona jambo hilo kama fadhila.

Uwakilishi wa kweli na uwakilishi wa kudhaniwa

Mwaka 1765 ilikuja Sheria ya Stempu. Kila gazeti, hati ya ardhi, leseni, shahada ya chuo, hata karata na dadu, vilipaswa kuwa na muhuri uliolipiwa. Boston, tarehe 14 Agosti mwaka huo, umati ulitundika kwenye mti sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kusambaza stempu hizo. Akajiuzulu. Oktoba, makoloni tisa yalituma wajumbe New York kutoa tamko la pamoja: hakuna kodi bila uwakilishi.

London ilikuwa na jibu, na jibu lenyewe halikuwa la kijinga. Mbunge, walisema, hawakilishi waliompigia kura tu, anawakilisha raia wote wa himaya. Mbona Manchester na Birmingham hazikuwa na mbunge wakati ule na zilikuwa zikilipa kodi? Huo uliitwa uwakilishi wa kudhaniwa. Wenye makoloni waliugeuza mfano huohuo dhidi ya London: kama Manchester haina mbunge, huku Old Sarum, mahali palipokuwa karibu patupu, pana wabunge wawili, basi Uingereza ina tatizo la kurekebisha. Kwao mwakilishi ni mtu anayechaguliwa na wale anaowasemea, anayeishi kati yao, na anayeumia naye kwa kodi anayoipitisha.

Mwaka 1766 Bunge lilifuta Sheria ya Stempu, na siku ileile likapitisha sheria nyingine iliyotamka kwamba lina mamlaka juu ya makoloni katika mambo yote, bila kubakiza. Kodi iliondoka, dai likabaki. Ndiyo maana mwaka 1773 chai iliwasha moto. Sheria ya Chai iliiwezesha Kampuni ya India Mashariki kuuza chai kwa bei nafuu kuliko awali, lakini ndani ya bei hiyo mlikuwa na ushuru wa peni 3 kwa ratili. Kuinunua ni kukubali dai. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, makasha 342 ya chai yalitupwa katika bandari ya Boston.

Ugomvi huu haujaisha hata leo. Wakazi wa jiji la Washington, yaliko makao makuu, wanalipa kodi ya taifa lakini hawana seneta, na mjumbe wao katika Baraza la Wawakilishi hana kura ya mwisho. Tangu mwaka 2000 namba za magari za jiji hilo zimebeba malalamiko yaleyale ya mwaka 1765.

Azimio si Katiba

Hapa wanafunzi wengi huteleza. Azimio la Uhuru lilipitishwa tarehe 4 Julai 1776. Katiba iliandikwa mwaka 1787, miaka 11 baadaye. Azimio linaeleza kwa nini watu wana haki ya kujiondoa: wameumbwa sawa, wana haki wasizoweza kunyang'anywa, na serikali hupata uhalali wake kutokana na ridhaa ya watawaliwa. Kisha linataja orodha ndefu ya makosa ya mfalme, mojawapo likiwa kuwatoza kodi bila ridhaa yao. Halikuunda serikali wala halikuweka sheria yoyote. Swali la nani sasa atatoza kodi liliachwa wazi.

Jibu la kwanza lilikuwa Mkataba wa Muungano, uliopitishwa na Kongresi, yaani mkutano wa wajumbe wa majimbo yote, mwaka 1777 na kuridhiwa na wote mwaka 1781. Ili kuuelewa lazima tuseme kidogo juu ya neno jimbo. Kwa Mtanzania, jimbo ni eneo la uchaguzi wa mbunge. Kwa Mkongomani, ni mkoa ulio chini ya Kinshasa. Jimbo la Marekani lilikuwa kitu kingine: Virginia ilijiandikia katiba yake Juni 1776, kabla hata Azimio halijapitishwa. Zilikuwa nchi 13 zilizoamua kushirikiana, kila moja ikiwa na bunge lake, mahakama zake na wakati mwingine sarafu yake.

Chini ya Mkataba huo Kongresi ilikuwa na chumba kimoja, kila jimbo kura moja, bila rais mwenye mamlaka ya utendaji na bila mfumo wa mahakama za kitaifa. Mambo makubwa yalihitaji majimbo 9 kati ya 13, na kubadili kifungu chochote kulihitaji yote 13. Zaidi ya yote, Kongresi haikuweza kutoza kodi. Iliweza kuomba. Ilipeleka kwa majimbo maombi ya fedha, nayo yalilipa yalipotaka na kiasi yalichotaka. Mwaka 1781 iliomba idhini ya ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa zinazoingia kutoka nje. Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, likakataa mwaka uliofuata, na mpango ukafa. Juni 1783 askari wanaodai mishahara walilizingira jengo la Kongresi Philadelphia, wajumbe wakakimbilia Princeton.

Majimbo nayo yalikuwa na madeni ya vita vya uhuru dhidi ya Uingereza. Massachusetts iliamua kuyalipa haraka kwa kuwakamua wananchi, na kodi ilidaiwa kwa sarafu ambayo wakulima wa magharibi ya jimbo hawakuwa nayo. Mahakama zikawa zinauza mashamba yao. Kuanzia Agosti 1786 wakulima, wengi wao wanajeshi wastaafu wa vita vya uhuru, walianza kuzifunga mahakama kwa nguvu. Tarehe 25 Januari 1787 kundi lililoongozwa na Daniel Shays, aliyewahi kuwa kapteni, liliendea ghala la silaha la Springfield. Mizinga ilifyatuliwa, wanne wakafa. Kongresi haikuweza kutuma jeshi kwa sababu haikuwa na fedha. Kikosi kilichowasaka waasi kililipiwa na matajiri wa Boston. Waliokuwa wakiitetea hali ya muungano legelege walikosa cha kusema baada ya hapo.

Shirikisho, na hesabu ya theluthi... hapana, ya tatu ya tano

Kuanzia tarehe 25 Mei hadi 17 Septemba 1787 wajumbe 55 kwa jumla walihudhuria mkutano wa Philadelphia, George Washington akiwa mwenyekiti. Rhode Island haikutuma mtu. Kilichotoka humo ndicho kinachoitwa shirikisho, na tofauti yake na muungano wa awali ni hii: serikali ya kitaifa sasa inamfikia mtu mmoja mmoja moja kwa moja, bila kupitia kwa jimbo lake. Katika orodha ya madaraka ya Kongresi, la kwanza kabisa ni kutoza kodi. Msomaji wa Kenya asichanganye jambo hili na ugatuzi. Kaunti 47 ziliundwa na katiba ya nchi, na Katiba ya 2010 ndiyo inayozihakikishia angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Marekani ilikwenda njia ya kinyume: majimbo yalikuwepo, yakaimegea serikali ya juu baadhi ya madaraka yao.

Mabunge mawili yalitokana na mvutano wa majimbo makubwa na madogo. Makubwa yalitaka viti kwa idadi ya watu, madogo yalitaka usawa. Wakagawana: Baraza la Wawakilishi kwa idadi ya watu, Seneti viti viwili kwa kila jimbo. Miswada ya kuongeza mapato ikapangiwa kuanzia Baraza la Wawakilishi, lililo karibu zaidi na wapiga kura. (Jina hilohilo ndilo la chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar, lakini lile la Washington ni nusu tu ya bunge.)

Lakini idadi ya watu ni akina nani? Hapa ndipo pabaya kuliko pote katika historia hii, na sitaki kupapita haraka. Mwaka 1783 Kongresi ilikuwa imependekeza kugawa mzigo wa kodi kati ya majimbo kwa kufuata idadi ya watu. Majimbo ya Kusini yalitaka watumwa wahesabiwe kidogo, ili yalipe kidogo. Wakakubaliana kuhesabu watumwa watano kama watu watatu. Pendekezo hilo halikuridhiwa na wote, ila hesabu ilibaki vichwani. Philadelphia, mwaka 1787, jambo lilikuwa kugawa viti. Sasa Kusini ilitaka watumwa wahesabiwe wengi. Wakaifufua tatu ya tano na kuifunga kwenye vitu viwili kwa pamoja: viti vya Baraza na kodi za moja kwa moja, yaani zile zinazotozwa watu wenyewe au ardhi yao, siyo bidhaa. Katiba haikuthubutu hata kuandika neno mtumwa. Ilisema "watu wengine wote".

Tazama matokeo kwa tarakimu. Sensa ya 1790 ilikuta watu huru takriban 455,000 Virginia na takriban 431,000 Pennsylvania. Karibu sawa. Virginia ilikuwa na watumwa zaidi ya 292,000, Pennsylvania chini ya 4,000. Viti vilipogawanywa baada ya sensa hiyo, Virginia ilipata 19, Pennsylvania 13. Viti sita vya ziada vilivyojengwa karibu vyote juu ya migongo ya watu wasiokuwa na kura wala mshahara. Kodi ya moja kwa moja, ambayo ilikuwa ndiyo upande wa pili wa mapatano, ilitozwa mara chache sana. Kusini ilichukua viti na malipo hayakuja.

Hesabu hiyo iliingia pia kwenye urais. Rais huchaguliwa na wajumbe maalumu, na kila jimbo lina wajumbe sawa na jumla ya wawakilishi na maseneta wake. Kwa hiyo mwaka 1792 Virginia ilikuwa na wajumbe 21, Pennsylvania 15. Kati ya marais watano wa kwanza, wanne walitoka Virginia, na wote wanne walimiliki watumwa. Anayeuliza kwa nini Wamarekani bado wanabishana kuhusu wajumbe hao hana budi kuanzia hapa.

Kifungu hichohicho kiliwaacha nje ya hesabu "Wahindi wasiotozwa kodi", yaani wenyeji wa asili walioishi katika mataifa yao wenyewe. Kodi ilikuwa alama ya nani yumo ndani ya jamii ya kisiasa na nani ni taifa jingine la kufanya nalo mikataba.

Mengine tupite upesi

Mgawanyo wa madaraka ni kwamba Kongresi hutunga sheria, rais hutekeleza, mahakama huamua. Kudhibitiana ni kwamba kila mmoja ana kamba ya kumvuta mwenzake. Rais anaweza kukataa mswada, lakini theluthi mbili ya kila bunge inaweza kumshinda. Baraza la Wawakilishi humshtaki rais, Seneti humhukumu. Na kwenye fedha: senti haitoki hazina bila sheria ya Kongresi, na fungu la jeshi la nchi kavu haliwezi kuidhinishwa kwa zaidi ya miaka miwili, kwa sababu walijua mfalme mwenye jeshi la kudumu na fedha zisizoulizwa angefanya nini.

Walioiunga mkono Katiba waliitwa Wafederali, na wapinzani wao Wapinga-Wafederali. Hofu ya wapinzani ilikuwa ya haki: tumetoka kwa Bunge la mbali linalotoza kodi, tunajiundia jingine? Rhode Island iliridhia mwisho, Mei 1790, kwa kura 34 dhidi ya 32. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa Hati ya Haki, marekebisho 10 ya kwanza yaliyoridhiwa mwaka 1791, yakiwemo ya haki ya kuhukumiwa na jopo la raia. Mwanzoni yaliifunga serikali ya taifa peke yake, siyo majimbo, jambo ambalo Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 1833.

Majaribio mawili ya nguvu mpya

Mwaka 1791 Kongresi iliweka kodi ya pombe kali. Wakulima wa magharibi ya Pennsylvania, waliokuwa wakigeuza nafaka kuwa wiski kwa sababu ni rahisi kuivusha milimani, wakaasi. Mwaka 1794 Washington alikusanya karibu wanamgambo 13,000 wa majimbo kadhaa, na uasi ukayeyuka bila pigano kubwa. Linganisha na Springfield miaka saba nyuma, utaona Katiba ilibadilisha nini.

La pili lilikwenda mahakamani. Kongresi ilikuwa imeunda Benki ya Marekani, ingawa neno benki halimo katika Katiba. Mwaka 1818 Maryland ikaamuru benki isiyosajiliwa na jimbo ichapishe noti zake kwenye karatasi yenye muhuri wa kulipia, au ilipe dola 15,000 kwa mwaka. James McCulloch, mtunza fedha wa tawi la Baltimore, akatoa noti bila muhuri. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1819 Jaji Mkuu John Marshall akatoa hukumu ambayo wenzake wote waliiafiki. Istilahi tatu zimo humo. Madaraka yaliyotajwa ni yale yaliyoandikwa, kama kutoza kodi na kukopa. Madaraka yanayodokezwa ni yale yanayohitajika ili yaliyotajwa yafanye kazi, na benki ikawa mojawapo. Ukuu wa sheria ya taifa maana yake ni kwamba jimbo haliwezi kuzuia chombo halali cha taifa, na mamlaka ya kutoza kodi, aliandika Marshall, yana ndani yake mamlaka ya kuangamiza. Yasiyokabidhiwa kwa taifa yamebaki kwa majimbo au kwa watu. Hayo ndiyo madaraka yaliyobakizwa, na yamo katika Marekebisho ya 10. Kuwa mahakama ina uwezo wa kusema sheria fulani ni batili, Marshall alikuwa ameshaliamua mwaka 1803 katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison.

Tatu ya tano ilifutwa na Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuukomesha utumwa. Sharti la kugawa kodi ya moja kwa moja kwa idadi ya watu wa kila jimbo, lililokuja pamoja nayo, halikufutwa. Mwaka 1895 Mahakama ya Juu ililitumia kuiua kodi ya mapato, na ilibidi Marekebisho ya 16 yapite mwaka 1913 ndipo Kongresi iweze kutoza mapato bila kujali mgawo huo. Juni 2024 sharti hilohilo lilirudi tena mbele ya majaji, safari hii katika kesi ya wenye hisa waliotozwa kwa faida ya kampuni ya nje ambayo haikuwa imegawiwa kwao. Serikali ilishinda kwa kura 7 dhidi ya 2, lakini majaji waliacha kuamua kama ni lazima faida imfikie mtu mkononi kabla haijaitwa mapato.